Nakshi kwenye ngozi kwa anayeanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mtu aliye Mombasa ambaye hajawahi kushika kisu cha ngozi na anataka kuanza na vitu vidogo: vishika funguo, viwekeo vya vikombe, bangili, vipochi vya kadi. Utaona tunarudi kwenye maji kila mara. Kazi nyingi za wanaoanza huharibikia kwenye unyevu, kabla kisu hakijagusa ngozi.

Kuchonga ngozi ni sawa na kuchonga mbao?

Hapana. Fundi wa milango ya Mji wa Kale huondoa mbao kwa patasi mpaka ua libaki juu. Kwenye ngozi huondoi kitu. Unachanja uso kwa kisu, kisha unagonga upande mmoja wa mkato kwa chapa, yaani kijiti cha chuma chenye umbo nchani, mpaka uzame, na upande wa pili unaonekana umeinuka. Ua lenyewe halijapanda, ni uwanja wake uliodidimia. Ndiyo maana ngozi isiyokubali kubonyea haifai, hata iwe ya bei gani.

Ninunue ngozi ya aina gani?

Ya ng'ombe, iliyotengenezwa kwa magome ya miti, isiyopakwa rangi wala plastiki usoni. Magome yana tanini. Kenya chanzo kikuu ni mti wa muwati, na hata mikoko yetu, mkandaa kwa mfano, ina tanini hiyohiyo kwenye gome lake. Ngozi ya namna hii hunywa maji, hulainika kama udongo wa mfinyanzi, na ikikauka hubaki na umbo ulilolipa. Ngozi ya kromu, yaani ile ya masofa, mikoba laini na viatu vingi vya dukani, haina tabia hiyo. Unagonga chapa, unaiona alama, unageuka kuchukua nyundo, ukirudi alama imejaa.

Ukiwa dukani fanya majaribio matatu. Dondosha tone la maji usoni: ngozi ya magome hulinywa upesi na pale mahali pakawa peusi kidogo, lakini iliyopakwa plastiki hulibeba tone juu kama jani la mgomba. Bonyeza hapo palipolowa kwa ukucha. Alama lazima ibaki. Mwisho tazama ukingo uliokatwa. Ukiwa rangi ya biskuti au kahawia mpaka katikati, ni dalili njema. Ukiona ujivujivu wenye ubuluu katikati, hiyo ni kromu, mwachie mwenyewe.

Mafundi wa makubadhi mara nyingi wana mabaki ya ngozi ya soli. Ni ya magome mara nyingi, ila nene na imekandamizwa ikawa ngumu, kwa hiyo waulize vipande vyembamba zaidi. Ukipita Kariokor, Nairobi, ambako mafundi wa ngozi wamejaa, nenda na chupa ndogo ya maji mfukoni. Kununua kwa picha ya simu ni kujitakia hasara.

Unene gani, na kiasi gani kinatosha kujifunzia?

Kiwekeo cha kikombe milimita 3. Kishika funguo milimita 2.5 hadi 3. Bangili na uso wa nje wa kipochi, milimita 2. Chini ya 1.6 usikate kwa kisu, gonga chapa tu, maana mkato utatokea upande wa pili. Wauzaji wa nje hupima unene kwa aunsi, na aunsi moja ni kama milimita 0.4. Kwa hiyo ngozi ya aunsi 7 hadi 8 ni ya milimita 3 hivi.

Futi mbili mraba zinatosha kabisa mwanzoni. Futi moja, yaani sentimita 30 kwa 30, inatoa viwekeo 9 vya upana wa sentimita 9.5, au angalau vishika funguo 14 vinavyokatwa kwanza sentimita 4 kwa 12. Chagua sehemu ya mgongo. Ngozi ya tumbo ni rahisi lakini imelegea, inatanuka ovyo, na itakufanya udhani mkono wako ndio mbaya.

Ngozi ya mbuzi je?

Nyembamba mno. Itumie kwa bitana ya ndani.

Vifaa gani ni vya lazima?

Kisu cha kuzunguka, ambacho mwili wake unazunguka chini ya kiti cha kidole. Chapa nne au tano. Nyundo ya plastiki ngumu au ya mbao, ya gramu 400 hivi. Nyundo ya chuma itavimbisha vichwa vya chapa na kuziharibu. Sponji. Jiwe la kugongea juu yake.

Jiwe lisikusumbue. Mafundi wanaokata kaunta za graniti za jikoni hubakiwa na vipande vya sentimita 25 kwa 30 ambavyo kwao ni taka. Chukua chenye uso laini, unene usipungue sentimita 2. Kugongea juu ya meza tupu hakufai, kwa sababu mbao hudunda, nguvu inapotea, na alama inatoka hafifu hata ukigonga kwa hasira.

Chapa huagizwa kwa herufi. B ni chapa ya mteremko, ile inayozamisha upande mmoja wa mkato. A ni ya uwanja, ya kujaza nafasi nyuma ya ua. P ni ya kivuli, yenye umbo la pea. V ni ya mishipa ya jani, S ni ya mbegu, C ni ya mikunjo kwenye shina na petali. Pesa zikiwa chache nunua B mbili, pana na nyembamba, A moja na P moja. Seti za chapa 20 kwa bei ya chapa mbili zina kingo mbovu zinazokwaruza ngozi, na nyingi hutazigusa kamwe.

Vingine viko nyumbani. Biki iliyokwisha wino kabisa, tena ihakikishe kwanza kwenye karatasi, inafaa kuhamishia mchoro. Karatasi angavu ya jalada la faili inafaa kuchorea. Karatasi ya kawaida ikikutana na ngozi yenye unyevu hulowa na kuchanika.

Ngozi iwe na maji kiasi gani?

Hili ndilo swali lenyewe. Ngozi kavu haikati vizuri na haishiki alama. Ngozi iliyolowa chepechepe inakatika, lakini mkato unajifunga na alama zinajaa tena kama nyayo kwenye mchanga wa pwani mawimbi yakirudi.

Kamua sponji, pitisha usoni kutoka ukingo mmoja hadi wa pili bila kusita. Ukisita katikati, mstari wa doa utabaki. Kwa ngozi ya milimita 3 lowesha na upande wa nyama, yaani ule wa nyuma usio laini. Endelea mpaka rangi iwe nyeusi sawasawa na ngozi isiwe inanyonya kwa pupa. Kisha iweke ndani ya chombo cha chakula chenye kifuniko, ilale humo usiku kucha, maji yasambae mpaka katikati. (Maelekezo mengi ya nje yanasema mfuko wa plastiki, mifuko hiyo ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, na chombo kinafanya kazi ileile.)

Asubuhi itoe, ikae wazi. Itazame. Rangi itaanza kurudi kwenye weupe wake wa ngozi kavu, kuanzia kingoni. Iguse kwa shavu: ikionekana karibu kavu lakini shavuni bado ina ubaridi, wakati ndio huo. Gonga chapa moja kwenye kipande cha majaribio. Alama ikitoka ya kahawia iliyokoza, anza kazi. Ikitoka ya rangi ileile ya ngozi, imekauka. Maji yakichuruzika pembeni mwa chapa, subiri.

Muda wa kusubiri hauna namba moja katika mji huu. Kaskazi ya Januari, feni ikizunguka juu yako, uso unakauka haraka ilhali ndani bado kumelowa, na unaweza kudanganyika. Masika ya Mei yakikaza, kipande hichohicho kinaweza kukaa mara mbili tatu ya muda huo bila kufika. Zima feni ukiwa kazini. Uso ukikauka katikati ya kazi, pitisha sponji iliyokamuliwa mpaka karibu kavu, juu tu, bila kugusa upande wa nyama.

Maji ya kisima yanafaa?

Epuka. Visima vingi vya kisiwani vina chumvi, na chumvi huacha ukungu mweupe usoni ngozi ikikauka. Bomba au tangi lenye kutu ni baya zaidi, kwa sababu utakayoiona chini kwenye jibu la madoa. Tumia maji ya kunywa. Kwa kishika funguo huhitaji hata nusu kikombe.

Nichore nini kwanza?

Korosho ya leso, yaani lile umbo la korosho linalochapwa kwenye leso. Ina kila kitu unachopaswa kujifunza: tumbo pana la mviringo, mkia unaojikunja, ncha inayokonda, na nafasi ya ndani ya kutia mbegu na mishipa. Ichore kubwa, sentimita 5 kwenda juu. Wanaoanza huchora vidogo wakidhani ni rahisi, kumbe kona kali ya milimita 3 ni ngumu kuliko mduara mpana.

Baadaye nenda kwenye maua ya duara ya vizingiti vya milango, na minyororo ya fremu zake. Mtindo maarufu wa Marekani unaoitwa kwa jina la mji wa Sheridan, Wyoming, wa maua madogo yaliyozungukwa na shina la duara, ni mzuri sana, lakini si wa mwezi wa kwanza.

Kisu kinashikwaje?

Kidole cha shahada kinakaa juu ya kiti na kusukuma chini. Gumba na kidole cha kati vinazungusha mwili wa kisu. Kidole cha mwisho kinaegemea ngozi ili mkono usiyumbe. Unavuta kuelekea kwako.

Mambo mawili hukosewa. La kwanza, kisu kinalala upande. Ukikitazama kutoka mbele lazima kiwe wima, vinginevyo mkato unaingia chini ya ua na ukingo wa ua utabanduka kama ganda. La pili, mtu anazungusha kiwiko badala ya vidole. Kwenye mviringo mkono unavuta tu, na vidole ndivyo vinavyogeuza ubapa.

Kina cha mkato ni theluthi moja ya unene, kisizidi nusu. Kwa ngozi ya milimita 3 hiyo ni milimita 1 hadi 1.5. Kwenye ncha ya mkia, punguza nguvu taratibu ukiinua kisu, mstari ufe wenyewe. Mistari miwili inapokutana, simamisha wa pili unywele mmoja kabla ya wa kwanza. Ikikatana, kona itachomoka ukigonga chapa. Anza na umbo lililo mbele, ndipo ukate yaliyo nyuma yake.

Kabla ya korosho yoyote, jaza kipande kimoja kizima kwa mistari sambamba ya nafasi ya milimita 5, kisha mawimbi, kisha miduara. Inachosha. Hakuna njia ya mkato.

Kisu kinakwama na kuburuta. Ngozi ni mbaya?

Mara nyingi ubapa haujang'arishwa. Hata kisu kipya cha dukani huja na mikwaruzo midogo inayoshika ngozi. Bandika kipande cha ngozi, au hata kartoni, juu ya ubao, kipake dawa ya kijani ya kung'arishia chuma, na uvute ubapa kurudi nyuma mara 10 kila upande ukiulaza kwenye mteremko wake uleule. Rudia kila baada ya dakika chache za kukata. Ubapa ukiwa unang'aa kama kioo na bado unakwama, basi ngozi imekauka.

Chapa ya mteremko inaniachia ngazi badala ya mteremko laini.

Unainua chapa mbali baada ya kila pigo. Weka ukingo wake mnene ndani ya mkato, isimame wima, kisha gonga mapigo mepesi ya haraka huku unaitelezesha robo ya upana wake kila pigo. Isitoke kwenye mkato. Mapigo yakiwa sawa, alama zinapandana mpaka hazitofautishwi. Pakibaki na ngazi na ngozi bado ina ubaridi, pitisha mgongo wa kijiko kidogo kwa nguvu juu ya mteremko.

Na kata kucha. Ukucha wa gumba kwenye ngozi yenye unyevu ni chapa pia, tena usioweza kuuondoa. Pete na bangili za chuma vua.

Kishika funguo kinatengenezwaje tangu mwanzo hadi mwisho?

Kata kipande cha sentimita 4 kwa 12, kikubwa kidogo kuliko unachotaka, maana kingo zitapunguzwa mwisho. Kilowe, kilale, kifike kwenye ubaridi wa shavu. Weka mchoro juu, ushike kwa utepe kwenye kingo zitakazokatwa, pitisha biki bila kukandamiza sana. Inua kona moja uhakikishe kila mstari umehama kabla hujauondoa.

Kata kwa kisu. Gonga P tumboni mwa korosho mahali unapotaka pabonyee. Zungusha B nje ya mistari yote. Jaza uwanja kwa A, ukianzia kwenye kona finyu kuelekea palipo wazi. Kisha mishipa na mbegu. Mbegu zigonge kwa upole, kwani chapa yake ina ukingo mwembamba na inatoboa. Mwisho kabisa mikato ya mapambo kwa kisu, ambayo haigongwi.

Acha kikauke kivulini usiku mzima. Ndipo ukate ukubwa halisi, sentimita 3 kwa 10, utoboe tundu, utie rangi na mafuta. Kingo zisugue kwa msasa namba 400, halafu 800, zilambishe maji kidogo, uzisugue kwa kipande cha turubai au kijiti laini cha mpingo mpaka zing'ae. Wachonga vinyago wa Changamwe wanaweza kukuchongea kijiti chenye mifereji ya upana unaotaka. Malizia kwa nta ya nyuki.

Kipande kimetanuka na duara limekuwa yai.

Kila pigo linasukuma ngozi pembeni. Kwa vipande vya milimita 2, bandika utepe mpana wa kufungia maboksi kwenye upande wa nyama ukiwa bado mkavu, kisha lowesha uso peke yake. Toa utepe kazi ikishakauka. Na usikate duara kabla ya kuchonga.

Yametokea madoa ya buluu na meusi. Ni uchafu?

Ni chuma. Tanini ikikutana na chuma palipo na maji hutoa rangi nyeusi, ileile ya wino wa zamani. Rula ya chuma iliyoachwa juu ya ngozi yenye unyevu, unga wa tupa uliobaki kwenye vidole, maji ya tangi lenye kutu, chapa uliyojichongea kutoka msumari: vyote vinaleta doa. Ukitaka kujitengenezea chapa, tumia bolti za chuma kisichoshika kutu.

Doa likiwa jipya, kamulia nusu ndimu kwenye glasi ya maji, pitisha sponji kwenye uso mzima, si kwenye doa peke yake, vinginevyo utabakiwa na duara jeupe. Doa litafifia mbele ya macho yako. Kisha suuza kwa maji safi.

Naweza kupata rangi nyeusi bila kuagiza?

Ndiyo, kwa kulifanya doa hilohilo kwa makusudi. Chukua waya laini wa chuma wa kusugulia sufuria, wa aina inayoshika kutu, uoshe kwa sabuni utoe mafuta, uuzamishe ndani ya nusu lita ya siki nyeupe. Kifuniko kisikazwe, kwa sababu inatoka hewa inayoweza kuripuka. Weka mbali na jiko. Baada ya wiki moja hadi mbili chuja kwa kitambaa. Ukipaka ngozi ya magome, inageuka kijivu, halafu nyeusi kwa dakika chache, na rangi haitoki kwa jasho kwa sababu imo ndani ya ngozi. Futa kwa maji yenye bekingi soda kidogo kuua ukali wa siki, suuza, kausha, tia mafuta. Kwenye ngozi ya kromu haifanyi kazi.

Kwa kahawia, dawa ya viatu inayobaki ndani ya mikato huonyesha nakshi vizuri sana. Ubaya wake ni kuchafua kanzu. Kwenye bangili usiitumie bila kufunika kwa nta.

Mafuta ya nazi?

Yapo kila nyumba, lakini yaliyotengenezwa nyumbani yanaweza kuchacha na kuacha harufu. Tumia mafuta ya zeituni, matone machache kwenye kitambaa, mkono mmoja mwepesi, au mafuta ya kwato za ng'ombe ukiyapata. Subiri mpaka kesho kabla ya kuongeza. Ngozi iliyoshiba mafuta nakshi yake huvimba na kupoteza makali.

Kazi yangu imeota koga.

Joto, unyevu na ngozi iliyolowa ndani ya chombo kilichofungwa: siku mbili Mombasa zinatosha. Usiku mmoja usizidishe. Ukilazimika kuahirisha, kiweke chombo kwenye friji. Koga iliyokwisha ota ifute kwa siki na maji nusu kwa nusu, anika kivulini penye upepo. Usianike juani, ngozi itajikunja na kukakamaa. Kazi iliyokamilika ihifadhi ndani ya kitambaa cha pamba, sio chombo cha plastiki.

Mteja anauliza kama ni nguruwe.

Swali la haki. Ngozi ya nguruwe ina vitundu vya nywele vilivyokaa vitatuvitatu. Shida mara nyingi haiko kwenye uso unaouchonga bali kwenye bitana ya kununua, hivyo kagua bitana kabla ya kushona. Ngozi za wanyamapori usiziguse. Sheria ya Kenya ya mwaka 2013 inakataza kuzifanyia biashara bila kibali.

Naishi ghorofani, kelele je?

Weka jiwe juu ya kipande cha mpira mnene, mpira juu ya blanketi lililokunjwa, na vyote juu ya mguu wa meza, si katikati yake. Kelele itapungua sana. Haitaisha.

Nimekata mahali pasipo. Mkato unafutika?

Haufutiki. Ukiwa mwepesi, lowesha na usugue kwa mgongo wa kijiko, utafifia kidogo. Ukiwa ndani ya korosho, ugeuze kuwa mshipa na uongeze mingine miwili sambamba, hakuna atakayejua. Ukiwa uwanjani, A itaumeza. Ukiwa umepita nusu ya unene, kipande kitavunjikia hapo siku moja, kwa hiyo kata palipo pazima. Kiwekeo cha kikombe kilichoharibika bado kinatoa vishika funguo viwili vifupi.